Baba Aliyeacha Pombe na Deni la Wanawe

Hoja ya pombe imerudi tena vinywani mwa Wakenya. Mnamo Februari 2024 zaidi ya watu kumi walipoteza maisha katika Kaunti ya Kirinyaga baada ya kunywa pombe yenye sumu, na mwezi uliofuata serikali ikatoa mlolongo wa amri juu ya leseni, viwanda na mabaa. Julai 2025 serikali, kupitia shirika lake la NACADA, ilizindua sera mpya iliyopendekeza umri wa kununua pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Wenye mabaa walilalamika, viongozi wa dini wakapongeza, wanasiasa wakagawanyika.

Katika makelele hayo yote kuna mtu mmoja ambaye hakutajwa. Huyu si kijana wa miaka 19 anayezuiwa mlangoni, wala si muuzaji anayenyang'anywa leseni. Ni baba aliyekwisha kuacha. Ameacha mwaka jana, au miaka mitano iliyopita, au kumi. Hanywi tena, lakini ana watoto waliomwona alipokuwa akinywa. Sheria haina neno la kumwambia mtu huyu, na jamii nayo mara nyingi haina.

Ukitaka kuliona jambo hili kwa uwazi usiende Nairobi wala Kirinyaga, ambako pombe iko kila kona. Nenda Balambala.

Mahali ambapo kutokunywa si sifa

Balambala iko kandokando ya Mto Tana, juu ya mji wa Garissa. Eneo lake la ubunge lilikatwa kutoka Dujis kwa uchaguzi wa mwaka 2013, nalo lina wadi tano: Balambala, Danyere, Jarajara, Saka na Sankuri. Wakazi wengi mno ni Wasomali na ni Waislamu, wafugaji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi, pamoja na wakulima wenye mashamba yao ukingoni mwa mto. Hapa hakuna baa iliyoandikwa jina mlangoni. Pombe ni haramu, na kila mtoto wa chuoni analijua hilo kabla hajajua kuhesabu mpaka mia.

Msomaji atauliza: basi mlevi wa Balambala anatoka wapi? Swali ni zuri, na jibu lake si gumu. Watu husafiri. Mwanamume wa Balambala huenda akawa dereva wa lori, akawa askari, akawa karani wa serikali aliyehamishwa kutoka wilaya moja hadi nyingine, akawa mfanyabiashara wa mifugo anayelala Nairobi siku kumi akingoja malipo. Huko ugenini hukutana na chupa, na wachache hurudi nayo nyumbani, ndani ya mwili ikiwa si ndani ya mfuko. Idadi yao ni ndogo. Lakini kwa mtoto ambaye baba yake ni mmoja wa hao wachache, udogo wa idadi haumpunguzii lolote.

Sasa angalia tofauti. Mlevi wa Murang'a au wa Busia anapoacha, watu humwona. Jirani husema, "Fulani siku hizi ametulia." Mchungaji humsimamisha mbele ya kanisa, mkewe hupigiwa vigelegele, marafiki wa zamani humcheka, na hata kicheko hicho ni ushahidi kwamba ameacha. Mlevi wa Balambala alikuwa akinywa kwa siri, hivyo na kuacha kwake ni kwa siri. Nani atampongeza kwa kutokunywa, mahali ambapo kila mtu anatarajiwa asinywe? Miaka kumi ya kujizuia, usiku kwa usiku, haimwongezei heshima hata chembe. Imemrudisha tu pale wenzake walipokuwa wamesimama siku zote.

Mtu huyu hana wa kumweleza. Akisema, "Namshukuru Mungu, nina miaka sita sijanywa," msikilizaji hatasikia ile miaka sita. Atasikia kwamba alikuwa akinywa. Basi ananyamaza. Dini yenyewe humwambia mja asitiri aibu yake na aibu ya nduguye, na hilo ni jambo jema, kwani sitara imeokoa nyumba nyingi. Lakini kuna tofauti kati ya kusitiri na kusahau. Waliomo ndani ya nyumba hawajasahau.

Jina la baba

Hapa yafaa tutazame mila, kwani ndiyo inayoonyesha uzito wa jambo lenyewe. Msomali hana jina la ukoo kwa namna ya Wazungu. Mtoto hupewa jina lake, kisha hufuata jina la baba yake, kisha la babu yake. Mtoto mdogo hufunzwa kuhesabu nasaba yake, abtirsi kama wanavyoiita wenyewe, baba kwa babu, babu kwa babu wa babu, mpaka afike kwa mzazi wa ukoo. Mgeni akimkuta njiani humwuliza wewe ni nani, na jibu huanza kwa jina la baba.

Kwa hiyo baba hawezi kuwa na aibu yake peke yake. Jina lake limo ndani ya jina la mwanawe, na mwana atalibeba shuleni, kwenye kitambulisho, kwenye posa na mpaka kwenye jiwe la kaburi. Kadhalika katika mambo ya hasara. Mtu akimjeruhi mwenzake, fidia hailipwi na yeye peke yake. Ukoo huchangishana mifugo au fedha ili kulipa diya. Mlevi aliyempiga mtu au aliyemgonga kwa gari amewatoza ami zake na binamu zake ambao hawajapata kunusa pombe. Wazee hulipa, kisha hukumbuka.

Mila hiyo ina ukali, lakini ina dawa pia. Ikiwa ukoo unaweza kushiriki katika kulipa kosa la mtu, kwa nini usishiriki katika kumrudisha? Wazee wanaokaa chini ya mti kutwa nzima kupatanisha watu wawili waliogombania kisima, wanaweza pia kukaa saa moja na mtu aliyeacha pombe, si kwa kumhukumu, bali kumwuliza: nyumbani kukoje? Watoto wanasemaje? Fidia ya kidonda cha nje ina hesabu inayojulikana. Kidonda cha mtoto aliyekuwa akimngoja baba usiku hakijawekewa hesabu na mtu yeyote.

Miaka mitano

Twende kwenye elimu ya tiba kidogo, kwani inatusaidia. Yuko mtaalamu wa magonjwa ya akili, George Vaillant wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, aliyesimamia uchunguzi wa maisha ya mamia ya wanaume kwa miongo mingi. Miongoni mwa mambo aliyoyaona ni hili: mlevi aliyeacha kwa mwaka mmoja au miwili bado yumo katika hatari kubwa ya kurudi, lakini aliyedumu kiasi cha miaka mitano mfululizo, ni nadra kurudi tena.

Kwa mtu mzima miaka mitano ni muda wa kusubiri tu. Kwa mtoto ni sehemu kubwa ya utoto wake. Chukua mfano. Baba ameacha mtoto akiwa na umri wa miaka saba. Hatari itakapokuwa imepungua, mtoto ni wa miaka kumi na miwili. Katika muda huo ameingia shule, amehitimu sura kadhaa chuoni, ameanza kutumwa kisimani na mifugo. Na muda wote huo alikuwa akifanya kazi ambayo hakuna aliyemtuma: kusikiliza. Anasikiliza namna mlango unavyofunguliwa. Anasikiliza sauti ya baba ikiwa nzito au nyepesi. Anaangalia viatu vimevuliwa vipi. Baba anasema moyoni, "Mimi nimeshaacha, mbona mtoto ananikwepa?" Naye mtoto hana habari ya kuacha. Anachokijua ni kwamba leo hakuna kilichotokea, na kesho haijafika.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Baba huona kwamba kwa kuacha amekwisha kulipa, hivyo anadai heshima yake papo hapo. Anataka aamkiwe kwa adabu, aombwe ruhusa, atiiwe. Heshima ni haki yake kwa mila na kwa dini, hakuna anayebisha. Lakini imani ni jambo jingine. Imani haidaiwi, hulipwa kidogo kidogo, kwa ahadi ndogo zinazotimizwa. Aliyesema atakuja baada ya alasiri, aje baada ya alasiri. Aliyeahidi daftari, alete daftari. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hujaa polepole kuliko vingine vyote.

Wenzetu wa ng'ambo waliligundua jambo hili zamani. Chama cha walevi walioacha, kinachojulikana kama Alcoholics Anonymous, kilianzishwa mwaka 1935 katika mji wa Akron huko Marekani na watu wawili waliokuwa walevi wenyewe, mmoja dalali wa hisa na mwingine daktari. Siri ya chama hicho ni nyepesi: mlevi aliyeacha huzungumza na mlevi mwenzake, hakuna anayetangaza jina, na kila mtu huhesabu siku moja moja. Lakini mwaka 1951 ilionekana kwamba hiyo haitoshi, ndipo kikaanzishwa chama kingine, Al-Anon, kwa ajili ya wake na jamaa wa walevi. Walikwisha kuona kwamba mlevi anaweza kupona na nyumba yake ikabaki mgonjwa.

Kutoka chupa hadi kibunda

Lipo jambo lingine ambalo huko Balambala haliwezi kupitwa kimya, nalo ni miraa. Uchunguzi wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba kati ya Wakenya wenye umri wa miaka 15 hadi 65, mmoja katika kila wanane hutumia pombe, na mmoja katika kila 28 hutafuna miraa. Hizo ni hesabu za nchi nzima. Kaskazini mashariki mizani huelemea upande wa pili: chupa imefichwa, kibunda kiko sokoni mchana kweupe.

Miraa huchumwa katika vilima vya Nyambene huko Meru, hufungwa kwa majani ya mgomba, na hukimbizwa kwa magari yasiyojua kupunguza mwendo, kwa sababu kathinoni iliyomo ndani yake hupungua nguvu kadiri majani yanavyokauka. Jani la juzi si mali tena. Basi kila siku kuna mzigo mpya, na kila siku kuna wanaoungoja. Wanazuoni wamehitilafiana juu yake: wako wanaosema ni haramu, wako wanaosema ni makuruhi. Sheria ya nchi imeiruhusu na kuihesabu kuwa zao la kilimo. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipojaribu kupiga marufuku muguka, ambayo ni jamaa ya miraa inayolimwa Embu, jambo lilifika Ikulu na mahakamani, na mahakama ikasimamisha marufuku hayo.

Katika ugomvi ule kila upande ulikuwa na hoja yake. Mkulima wa Embu alisema, "Hili ndilo karo ya wanangu." Mzazi wa Mombasa akasema, "Hilo ndilo linalomharibu mwanangu." Wote wawili walisema kwa jina la watoto. Lakini saa ambazo mtafunaji huzitumia barazani, kuanzia alasiri mpaka usiku wa manane, hazikuzungumziwa sana, na hizo ndizo saa za watoto.

Baba aliyeacha pombe yumo katika hatari ya pekee hapa. Alipoacha chupa alibaki na jioni tupu. Jioni hiyo ilikuwa na kazi: ilikuwa ya kunywa. Sasa hana la kufanya nayo, na rafiki anamwambia, "Njoo ukae nasi, hili si pombe." Kweli, si pombe. Halewi, hapepesuki, hatukani mtu njiani. Anazungumza vizuri, anapanga mipango mikubwa ya biashara, anakumbuka mashairi. Lakini saa tatu za usiku mtoto wake anaandika hesabu za shule peke yake, na saa tatu za asubuhi baba amelala, kwa maana usingizi ulimkimbia mpaka alfajiri. Fedha iliyokuwa ikienda kwa muuza pombe sasa inaenda kwa muuza miraa. Mbele ya watu mtu huyu ameacha. Mbele ya mtoto amebadilisha mlango tu wa kutokea.

Sisemi kwamba kila anayetafuna ni baba mbaya, la hasha. Ninalosema ni kwamba kipimo cha kuacha hakiwezi kuwa kile kilichotoka mdomoni. Kipimo ni kile kilichorudi nyumbani. Ikiwa pombe imetoka na baba hajarudi, basi kazi imefika nusu.

Mifugo ilipokwisha

Wala tusimhukumu mtu bila kuitazama ardhi anayoikanyaga. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2020 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo katika kaskazini na mashariki ya Kenya. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Kisha mwishoni mwa 2023 na tena mwezi wa Aprili na Mei 2024 Tana ilifurika, ikachukua mashamba ya ukingoni ambayo ndiyo yaliyokuwa kimbilio la waliopoteza mifugo.

Kwa mfugaji, hasara hiyo haipimwi kwa shilingi tu. Baba wa Kisomali alikuwa akimlea mwanawe kwa mifugo. Mtoto anapozaliwa huwekewa mnyama jike awe wake, na kizazi cha mnyama huyo ni mali yake. Anapokua hufuatana na baba malishoni, akajifunza alama za ngamia, majina ya majani, njia za maji na subira. Ile ndiyo ilikuwa shule yao wawili. Mifugo ilipokwisha, baba hakupoteza mali peke yake. Alipoteza mahali pa kukaa na mwanawe. Mtoto yuko darasani, mama yuko sokoni akiuza maziwa ya kopo au mboga, naye baba yuko kivulini. Mtu aliye kivulini kutwa bila kazi, chupa na kibunda humjia bila kuitwa.

Kwa hiyo anayetaka kumsaidia baba aliyeacha asianze kwa mawaidha tu. Ampe kazi ya kufanya na mwanawe. Kipande cha shamba la mto ambacho mtoto naye ana tuta lake. Mbuzi wawili watatu wa kuanzia upya. Au hata jambo lisilogharimu kitu: kumpeleka mtoto chuoni alfajiri na kumngoja mpaka amalize. Mtoto anayemwona baba yake akimngoja anajifunza jambo ambalo hakuna mwalimu awezaye kumfundisha.

Nani ampokee?

Mambo matatu yanafaa kuangaliwa, nayo yamo ndani ya uwezo wa watu wa Balambala wenyewe.

La kwanza ni hospitali. Mtu aliyezoea kunywa sana kila siku akiacha ghafla anaweza kutetemeka, kupata kifafa, kuona vitu visivyokuwapo, na hata kufa. Hiyo si adhabu wala si jini. Ni mwili unaolalamika. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Apelekwe kwa daktari, na jamaa wasione haya. NACADA ina simu isiyolipiwa, namba 1192, na kwa mtu anayeogopa kuonekana, simu ni mlango wa sitara.

La pili ni misikiti. Maimamu hukemea pombe, na wana haki. Lakini wakumbushe pia kwamba pombe ilikatazwa kwa hatua, si kwa siku moja: kwanza watu waliambiwa madhara yake yanashinda faida yake, kisha wakakatazwa kuikaribia sala wakiwa wamelewa, kisha ikaharamishwa kabisa. Waliofundishwa hivyo ni masahaba wenyewe. Basi kama watu wale walichukuliwa hatua kwa hatua, mja wa leo anayejikokota asifungiwe mlango. Hotuba moja juu ya toba ya baba, na juu ya haki ya mtoto kwa baba aliyetubu, ingewafikia watu ambao hawatakwenda kamwe kwa mshauri.

La tatu ni wazee, nao tumekwisha kuwataja. Waunde ukaribu, si baraza la kesi. Mtu mmoja mwenye siri, aliyepitia hayo zamani, akae na huyu aliyeanza jana. Hakuna haja ya chama chenye muhuri wala ubao. Chai ya maziwa na maneno ya kweli yanatosha.

Na baba mwenyewe je? Yeye ana kazi moja iliyo ngumu kuliko zote. Ipo siku mwanawe, akiwa kijana wa miaka kumi na mitano au zaidi, atamwuliza, "Aabo, ni kweli ulikuwa ukinywa?" Huenda asiulize kwa maneno, atauliza kwa macho, au atauliza siku ambayo yeye mwenyewe ameonjeshwa na marafiki huko Garissa au Nairobi. Akijibiwa kwa ukali atajua kwamba jambo hili halisemeki, na lake pia atalificha. Akijibiwa kwa uongo atajua, kwa sababu anajua tayari. Sitara ni kwa watu wa nje. Kwa mwana aliyeyaona mambo kwa macho yake, kinachotakiwa ni jibu fupi na la kweli: ndiyo, nilikunywa, niliwadhulumu wewe na mama yako, nimeacha, na ningali nikiacha kila siku.

Jibu hilo halimpunguzii baba heshima. Mwana anayelibeba jina la baba yake katika jina lake ana haki ya kujua jina hilo lilianguka wapi na liliinuliwa namna gani, ili naye siku atakapoulizwa na wanawe awe na la kuwaambia.